Kumfundisha Mtoto Kupima Maoni ya Mnunuzi: Somo la Gitaa la Mchezo wa Video

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kumwonyesha mwalimu mwanafunzi njia moja ya kuwafundisha watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi kupima maoni ya watu juu ya bidhaa. Aghalabu mtoto hufundishwa kutofautisha ukweli na maoni kwa sentensi fupi fupi. Huambiwa kwamba "Jua huchomoza mashariki" ni ukweli, na kwamba "Maembe ni matamu kuliko mapapai" ni maoni. Zoezi hilo ni jema kwa kuanzia, lakini halimfikishi mtoto mbali. Maneno atakayokutana nayo mnadani, dukani, redioni na katika simu ya mzazi wake hayaji yakiwa yametengwa hivyo. Huja yamechanganyika: ukweli kidogo, upendeleo kidogo, uvumi kidogo, na juu ya hayo dai la sababu ambalo msemaji hakulichunguza. Asiyejua kuyachambua maneno ya namna hiyo hununua kwa macho ya watu wengine.

Jambo hili si la anasa. Chukua mfano wa tarafa ya Idodi, magharibi ya mji wa Iringa, katika barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Katika vijiji kama Mapogoro na Tungamalenga watu wengi hutegemea mpunga. Mkulima akinunua mbegu kwa sababu tu mtu fulani alizisifu, na mbegu zile zisiote, hapotezi bei ya mbegu peke yake. Hupoteza nguvu za kulima, maji ya mfereji, na msimu mzima ambao haurudi. Mtoto aliyeketi mbele yako leo ndiye atakayesimama mbele ya muuza mbegu kesho. Yampasa aondoke shuleni akiwa na maswali mkononi.

Kwa nini gitaa la mchezo?

Mfano tutakaoutumia ni bidhaa ya mbali: mchezo wa video uitwao Guitar Hero, pamoja na gitaa lake la plastiki. Mwalimu mwanafunzi atauliza kwa haki, "Je, hatufundishwi kwenda kutoka kwa lijulikanalo hadi lisilojulikana? Mtoto wa Idodi ana habari gani ya gitaa la mchezo?" Swali hilo lina majibu mawili.

Jibu la kwanza ni kwamba kanuni hiyo haivunjwi. Somo litaanza na vyombo vya muziki ambavyo watoto wanaweza kuvishika au kuvisikia habari zake: zeze la kibuyu, ligombo la Wahehe, na gitaa la galoni ambalo watoto hujitengenezea wenyewe kwa ubao na waya wa breki ya baiskeli. Huko ndiko kwenye lijulikanalo.

Jibu la pili ni zito zaidi. Ukiwapa watoto maoni juu ya jembe au ndala, kila mmoja atahukumu kwa yale anayoyajua tayari. Atasema, "Huyu amesema kweli, kwa maana hata baba analo." Hapo hajapima maneno, amepima kumbukumbu yake. Lakini bidhaa ikiwa haijulikani darasani, hapana awezaye kusema, "Mimi najua." Darasa zima linabaki na maneno matupu ya wanunuzi, na linalazimika kuyapima maneno yenyewe. Hiyo ndiyo hali halisi ya mnunuzi wa kitu kipya: hajakitumia bado, naye ana maneno ya watu tu. Ugeni wa mfano wetu, basi, ni msaada kwa somo.

Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Mwalimu asiingie darasani kabla ya kuielewa bidhaa atakayoizungumzia. Yafuatayo yatamtosha.

Guitar Hero ulitolewa Marekani mwaka 2005 kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2. Ulitengenezwa na kampuni ya Harmonix na kutolewa na kampuni ya RedOctane. Wazo lenyewe halikuwa jipya kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Konami ya Japani ilikuwa imetoa mchezo uitwao GuitarFreaks, uliochezwa katika majumba ya michezo kwa gitaa lenye vitufe vitatu.

Gitaa la Guitar Hero ni dogo kuliko gitaa la kweli, wala halina nyuzi. Shingoni lina vitufe vitano vya rangi: kijani, nyekundu, njano, buluu na machungwa. Mahali ambapo mpigaji angekung'uta nyuzi, pana kipande kimoja kinachosukumwa juu au chini kwa kidole gumba. Tena upo mkono mdogo wa kuyumbishia sauti. Katika kioo cha televisheni alama za rangi huteremka kuelekea kwenye mstari. Alama ya kijani inapoufikia mstari, mchezaji hana budi kuwa amebonyeza kitufe cha kijani na papo hapo kusukuma kile kipande. Akiwahi au akichelewa, sauti ya gitaa hukatika na alama hupotea.

Mchezo huo ulipendwa mno. Mwaka 2007 ulitoka mwingine, Rock Band, ambao uliongeza ngoma na kipaza sauti, hata marafiki wakaweza kuwa bendi sebuleni. Lakini upepo ukageuka. Mwezi Februari 2011 kampuni ya Activision, iliyokuwa mmiliki wa Guitar Hero wakati huo, ilitangaza kuifunga idara yake ya mchezo huo. Mwaka uo huo kampuni ya Ubisoft ilitoa Rocksmith, mchezo ambao mchezaji huunganisha gitaa la kweli lenye nyuzi. Mwaka 2015 Activision ikarudi na Guitar Hero Live, ambao gitaa lake lina vitufe sita katika safu mbili za vitatu vitatu. Nyimbo nyingi za toleo hilo zililetwa kwa njia ya intaneti. Huduma hiyo ilipofungwa mwezi Desemba 2018, zikabaki nyimbo chache tu zilizokuwa ndani ya sahani. Kumbuka habari hii ya mwisho, maana tutaihitaji.

Maoni ya wanunuzi

Maoni sita yafuatayo yametungwa na mwandishi kwa ajili ya somo hili. Hayakunukuliwa kwa mtu yeyote, ila yanafuata aina za sifa na malalamiko yanayosemwa mara nyingi juu ya bidhaa kama hii. Yaandike ubaoni au kwenye karatasi ya manila kabla ya kipindi kuanza.

Mnunuzi wa kwanza: "Gitaa lina vitufe vitano. Binti yangu wa miaka saba anavifikia vinne. Cha mwisho kidole chake hakifiki bila kuuhamisha mkono wote."

Mnunuzi wa pili: "Huu ndio mchezo bora kuliko yote duniani. Nunueni, hamtajuta!"

Mnunuzi wa tatu: "Gitaa ni bovu. Nabonyeza kwa wakati kabisa, lakini mashine inaniambia nimechelewa."

Mnunuzi wa nne: "Nyimbo zake karibu zote ni za roki. Mimi ni mtu wa muziki wa dansi, sikuona raha."

Mnunuzi wa tano: "Nilimnunulia mwanangu ili ajifunze gitaa. Baada ya miezi mitatu amekuwa hodari wa mchezo, lakini akishika gitaa lenye nyuzi hajui pa kuanzia. Nimetupa fedha."

Mnunuzi wa sita: "Sijaucheza mwenyewe, ila jirani aliniambia kwamba gitaa lile huharibika upesi."

Maswali manne ya kupimia

Mtoto afundishwe kuyakabili maoni yoyote kwa maswali manne. Yaandikwe ubaoni kwa herufi kubwa na yabaki pale kipindi chote.

1. Ni nani asemaye, naye alikuwa akitafuta nini?
2. Alisema lini, na alikitumia kitu hicho kwa muda gani?
3. Ameona nini kwa macho yake?
4. Kama anataja sababu, ameijuaje?

Somo la kwanza: dakika 40

Shabaha: mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kutenga katika maoni ya mnunuzi yale aliyoyaona, yale anayoyapendelea, yale aliyoyasikia, na yale anayoyadhani kuwa sababu.

Zana: karatasi ya manila yenye maoni sita, zeze au gitaa la galoni, mche wa mhindi au kipande cha ubao chenye alama tano za rangi kuwa mfano wa shingo ya gitaa la mchezo.

Hatua ya kwanza (dakika 7). Onyesha chombo cha muziki ulichopata na umwombe mtoto mmoja akipige. Uliza, "Chombo hiki ni kizuri?" Watoto watajibu kwa kelele, wengine ndiyo, wengine hapana. Uliza tena, "Ni kizuri kwa kazi gani?" Hapo kelele zitapungua. Eleza kwamba ligombo ni ubao uliochimbwa katikati mfano wa hori, na kwamba uzi hupitishwa huku na huko katika matundu ya ncha zake mbili hadi kufanya nyuzi kadhaa. Chombo hicho humfaa mwimbaji anayejipigia mwenyewe huku akisimulia habari. Kwa uwanja wa ngoma wenye vumbi na vigelegele, sauti yake haitoshi. Je, ni kibaya kwa hiyo? La. Ubora wa chombo haujulikani mpaka ijulikane kazi yake. Hili ndilo jiwe la kwanza la msingi wa somo.

Hatua ya pili (dakika 8). Eleza kwa ufupi gitaa la mchezo. Chukua ule mche au ubao wenye alama tano, umpe mtoto mmoja aushike kama gitaa, na wewe utaje rangi kwa mapigo ya polepole: kijani, nyekundu, kijani, njano. Mtoto aguse alama inayotajwa na papo hapo apige paja kwa mkono wa pili. Ongeza kasi kidogo kidogo. Darasa litacheka, na hapana neno. Limekwisha kuelewa mchezo wenyewe bila umeme na bila televisheni.

Hatua ya tatu (dakika 15). Ligawe darasa katika makundi. Darasa likiwa na watoto 60, fanya makundi 12 ya watoto watano watano, na kila maoni yachambuliwe na makundi mawili. Makundi mawili yenye maoni mamoja yakae mbalimbali yasisikilizane. Kila kundi lijibu yale maswali manne na kuandika majibu katika daftari moja.

Hatua ya nne (dakika 10). Makundi yatoe taarifa. Yale mawili yenye maoni mamoja yakitofautiana, usiwahi kutoa hukumu. Uliza kila upande, "Neno lipi katika sentensi limewafanya mseme hivyo?" Wafundishe kurudi katika maneno yaliyoandikwa.

Majibu ambayo mwalimu atayatarajia ni haya. Mnunuzi wa kwanza ametoa habari inayoweza kuhakikishwa: idadi ya vitufe na umri wa mtoto. Hata asiyemjua anaweza kuitumia, kwa kuwa ana mtoto wake na anaujua mkono wake. Mnunuzi wa pili ametoa furaha yake tu. Hatujui alicheza siku moja au mwaka, wala alipenda nini. Mnunuzi wa nne hakusema uongo hata kidogo. Ametaja ladha yake waziwazi, na kwa kufanya hivyo amewasaidia watu wa aina mbili: wapenzi wa dansi watajihadhari, na wapenzi wa roki watavutiwa na maneno yale yale yaliyomchukiza yeye. Mtoto akilielewa hilo, amepiga hatua kubwa. Mnunuzi wa sita amebeba maneno ya jirani, wala hatujui jirani alilitumiaje gitaa lake. Huenda watoto walilipigania, huenda lilianguka. Maneno yake yasitupwe, lakini yasipewe uzito wa ushahidi.

Mnunuzi wa tano yahitaji tumtazame kwa utulivu. Habari yake ni ya kweli na muda ameutaja. Hukumu yake, "Nimetupa fedha," inatokana na kile alichokuwa akikitafuta. Je, mchezo ulimfundisha mtoto kitu? Ulimfundisha kufuata mapigo, kutenda kwa wakati, na kuvipatanisha vidole vya mkono mmoja na mwendo wa mkono wa pili. Haukumfundisha kukaza uzi hadi sauti iwe sawa, wala kuubana uzi hadi ulie vizuri, wala kutafuta sauti kwa sikio. Gitaa la kweli lina nyuzi sita, na kila uzi hubanwa mahali pengi shingoni. Mpigaji kama marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyesifika kwa solo katika Morogoro Jazz Band, alizitafuta sauti zake mahali hapo. Basi mnunuzi huyu hakuuziwa kitu kibovu. Alinunua kitu cha kazi nyingine. Malalamiko yake ni ya manufaa makubwa kwa mzazi mwenye shabaha kama yake, na hayamhusu anayetaka mchezo wa jioni. Tena, kutolewa kwa Rocksmith mwaka 2011 kwaonyesha kwamba haja ya kujifunza kwa gitaa la kweli ilikuwapo.

Mwisho wa kipindi waeleze watoto habari ya toleo la mwaka 2015. Mtu aliyeandika mwaka 2016 kwamba toleo hilo lina nyimbo tele alisema kweli. Mtu anayeyasoma maneno hayo leo na kununua kwa kuyategemea atakuta nyimbo chache. Maneno hayakugeuka uongo kwa sababu msemaji alidanganya. Kitu chenyewe kilibadilika. Kwa hiyo swali la "lini" si la kupuuzwa.

Somo la pili: dakika 40

Mnunuzi wa tatu ameachwa makusudi kwa kipindi cha pili, kwa sababu yeye ndiye mgumu kuliko wote. Ameona jambo kwa macho yake: mashine humwambia amechelewa. Kisha akataja sababu: gitaa ni bovu. Watoto wengi, na watu wazima pia, hawaoni kwamba hapa pana mambo mawili. Aliyoyaona yaweza kuwa kweli na sababu aliyoitaja ikawa si kweli.

Zipo sababu tatu zinazowezekana. Huenda kweli gitaa ni bovu. Huenda mchezaji mwenyewe huchelewa bila kujijua. Tena ipo ya tatu, ambayo wanunuzi wengi hawaifikirii: baadhi ya televisheni za kioo bapa huishughulikia picha kwanza kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Mtu atazamapo filamu haoni kasoro, kwa kuwa hapana kitu anachotakiwa kukiwahi. Lakini katika mchezo wa mapigo, mchezaji huifuata picha iliyokwisha kuchelewa. Yeye huona amebonyeza kwa wakati. Mashine, iliyoituma picha ile mapema zaidi, humhesabu kuwa amechelewa. Ndiyo maana matoleo ya baadaye ya mchezo huo yaliwekewa sehemu ya kurekebisha tofauti hiyo.

Jambo hili waweza kulionyesha uwanjani kwa kengele ya shule.

Shabaha: mwanafunzi aweze kueleza kwa nini jambo lililoonekana halithibitishi peke yake sababu iliyotajwa, na aweze kupendekeza jaribio la kuitafuta sababu.

Zana: kengele ya shule au ukingo wa gurudumu la gari uliotundikwa, nyundo, uwanja mrefu.

Hatua ya kwanza (dakika 15). Kundi A libaki kando ya kengele. Kundi B liende mbali, yapata mita 170, yaani urefu wa uwanja mmoja na nusu wa mpira na kupita kidogo. Kundi B liipe kengele mgongo. Mtoto mmoja apige kengele kwa mapigo ya sawasawa, pigo moja kila baada ya sekunde mbili. Kundi B lifuate mapigo hayo kwa kuinua mkono juu kila pigo linaposikika. Kundi A litazame. Litaona kwamba nyundo hugonga kwanza, na mikono huinuka baadaye.

Uliza Kundi A, "Je, wenzenu ni wazito?" Watasema ndiyo. Uliza Kundi B, "Je, mlichelewa?" Watakana kwa nguvu, na watakuwa na haki, maana walifuata waliyoyasikia. Sasa Kundi B lisogee hadi kufika mita kumi kutoka kwenye kengele na kurudia zoezi. Mikono na nyundo vitakwenda pamoja.

Hatua ya pili (dakika 10). Rudini darasani. Uliza, "Nini kimebadilika?" Watoto ni wale wale, mikono ni ile ile, kengele ni ile ile. Umbali peke yake ndio uliobadilika. Eleza kwamba sauti husafiri hewani kwa kadiri ya mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo katika mita 170 hutumia nusu sekunde. Kundi A lilikuwa limeona kweli, kwamba mikono ilichelewa, lakini lilikosea kutaja sababu. Hali ya mnunuzi wa tatu ni hiyo hiyo.

Hatua ya tatu (dakika 15). Uliza, "Tungemshauri mnunuzi wa tatu afanye nini kabla ya kulilaumu gitaa?" Waongoze watoto hadi wafikie kanuni: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Alijaribu gitaa lile lile kwa televisheni nyingine? Alijaribu gitaa jingine kwa televisheni ile ile? Rafiki yake naye huhesabiwa amechelewa? Likibadilishwa gitaa na kasoro ikatoweka, hapo ana haki ya kulilaumu gitaa. Ikibadilishwa televisheni na kasoro ikatoweka, gitaa halina hatia.

Kazi ya nyumbani: mtoto aandike maoni yake

Mtoto aliyepima maneno ya wengine sasa na apimwe kwa yake. Achague kitu kimoja anachokitumia: kalamu, tochi, ndala, jembe, ndoo. Aandike maoni ya sentensi sita hadi nane yatakayomsaidia mtu ambaye hajakitumia. Asitaje jina la duka wala la mtu. Mfano wa maandishi mazuri ni huu:

"Nimeitumia tochi hii kwa miezi minne. Tunaitumia kila usiku kwa muda wa saa moja hivi. Mwezi wa kwanza mwanga wake ulifika hadi kwenye zizi, kama hatua thelathini. Sasa unafika nusu ya hapo. Nilibadilisha betri, lakini mwanga haukuongezeka. Sijui kama ni balbu au ni waya. Inafaa kusomea karibu. Haifai kwa mtu anayelinda shamba usiku."

Maandishi haya yana muda, yana kipimo, yanaeleza jaribio lililofanywa, yanakiri mpaka wa ujuzi wa mwandishi, na yanasema kitu kinamfaa nani. Katika kusahihisha toa alama kwa mambo hayo matano, alama mbili kwa kila moja. Usimnyime mtoto alama kwa sababu hukubaliani na hukumu yake.

Mambo ya kujihadhari nayo

Kwanza, somo hili lisigeuke kuwa somo la kutoamini neno la mtu. Mtoto anayemjibu kila msemaji "Umejuaje?" kwa kiburi hajaelimika. Mfundishe kuuliza kwa adabu, hasa awaulizapo wakubwa: "Samahani mama, mlizipanda mbegu hizi msimu gani, na katika shamba la namna gani?" Swali lililoulizwa kwa adabu hupata jibu refu.

Pili, usidharau ladha. Wapo walimu ambao, baada ya kufundisha tofauti ya ukweli na maoni, huwaacha watoto wakidhani kwamba maoni ni kitu duni. Mapenzi ya mtu juu ya muziki ni haki yake. Kosa ni kuyavisha mapenzi hayo nguo za ushahidi.

Tatu, usiuchague upande wa gitaa la plastiki wala wa zeze. Ukionekana kuudharau mchezo, watoto watasema yale wanayodhani unataka kuyasikia, na kipindi kimekufa.

Kutoka gitaa hadi mbegu

Kipindi kingine utakachokipata, waombe watoto watumie maswali yale manne kwa jambo la nyumbani kwao. Mtu akisema, "Mbegu hii ni mbovu, haikuota," ameona kwamba haikuota. Sababu bado haijajulikana. Huenda mbegu ni bandia. Huenda ilikaa penye unyevu. Huenda maji yalizidi au yalipungua. Jaribio lake ni rahisi: hesabu punje mia moja, zifunike kwa kitambaa kibichi, uhesabu zilizoota baada ya siku chache. Ikiwa punje zilizoota ni chache mno hali zimepewa maji na joto vya kutosha, lawama zaelekea kwenye mbegu. Ikiwa nyingi zimeota, chunguza shamba.

Waeleze pia kwamba mnunuzi hakuachwa peke yake. Lipo Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975. Ipo Tume ya Ushindani, iliyowekwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo hushughulika na bidhaa bandia. Kwa upande wa mbegu ipo Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu. Lakini vyombo hivyo huhitaji maelezo: kitu gani, kilinunuliwa lini, wapi, kwa risiti ipi, na kimeonekana kuwa na kasoro gani. Mtu anayeweza kusema tu "Nimeibiwa!" ni vigumu kusaidiwa. Anayeweza kueleza aliyoyaona, na kuyatenga na anayoyadhani, ana nguvu mbele ya mwenye duka na mbele ya ofisi. Ufundi huo ndio uliofanyiwa mazoezi katika vipindi viwili vya gitaa na kengele.

Maswali ya kujadili chuoni

1. Katika maoni sita yaliyotolewa, ni yapi yangemsaidia zaidi mzazi wa mtoto anayetumia mkono wa kushoto? Ni habari gani inakosekana, na angeipataje?
2. Tunga maoni sita juu ya bidhaa nyingine isiyojulikana na wanafunzi wako, mawili kati yake yakiwa na dai la sababu lisilothibitishwa.
3. Shule uliyopangiwa haina uwanja wenye urefu wa mita 170. Buni onyesho jingine la kuthibitisha kwamba jambo moja lililoonekana laweza kuwa na sababu zaidi ya moja.
4. Mwanafunzi ameandika, "Kalamu hii ni mbaya kwa sababu ni ya bei nafuu." Eleza utakavyomwongoza ayasahihishe maandishi yake bila kumpa jibu.